Kabla Maji Hayajafika Kola

Walitaka kumfukua mama yangu kwa sababu ya sentensi niliyosema mimi. Naanza na hilo ili mtu asije akaniambia baadaye kwamba nina hasira za karibu. Ninazo. Nilirithi kwa mama huyohuyo, Kavutha, ambaye amelala chini ya mtaro wa tatu wa shamba letu la Kola, na ambaye ndugu yangu wa tumbo moja alikuwa akitafuta vibarua wa kumtoa.

Kazi yangu ni kupima sakafu ya bahari. Ndiyo, mtoto wa Kola, mahali ambapo maji huja kwa mgongo wa punda. Watu wamekwisha kucheka vya kutosha, hakuna haja ya kuongeza. Tunapanda meli ya utafiti na kwenda katikati ya Bahari ya Hindi, mahali ambapo sakafu inapasuka na kuachana, upande huu ukienda huku na ule ukienda kule, kwa kasi ya kucha inavyokua. Meli inakwenda na kurudi, mstari kando ya mstari, kama ng'ombe wa kulima. Chini yake kuna chombo kinachotuma sauti na kusubiri mwangwi, na mwangwi huo ndio unaotuchorea milima na mabonde ya huko chini. Nyuma ya meli tunaburuta, kwa kebo ndefu, kifaa cha kupima usumaku. Jiwe likitoka chini likiwa la moto, kisha likapoa, hushika mwelekeo wa kaskazini ya siku zile na halisahau tena. Tukiusoma usumaku huo tunajua jiwe ni la zama zipi na bahari imefunguka kwa kasi gani. Mahali pengine maji ya bahari hupenya kwenye nyufa, yakachemshwa na miamba, yakarudi juu meusi tititi kama moshi wa tanuri la matofali. Hapo tunashusha vipimo vya joto, tunautafuta moshi ule mpaka kwenye shina lake. Ni kazi ya subira, na subira mimi ninayo baharini tu.

Pasaka ya mwaka jana nilikuwa nyumbani, na mchungaji akaniomba niwaeleze waumini ninachofanya huko kwenye maji. Nikakubali. Nikawaeleza habari za mwangwi, jiwe lenye kumbukumbu na maji meusi ya moto. Kisha, ili wasilale, nikawaambia kwamba hata hapa kwetu nchi inaachana, kwamba Bonde la Ufa kule Magadi ni bahari ambayo haijazaliwa bado. Nikasema, "Siku moja patakuwa bahari, na sisi hapa Kola tutakuwa watu wa pwani." Nikanyamaza kidogo, akina mama wakaguna. Halafu nikamalizia: "Baada ya miaka milioni nyingi, kwa hivyo msiende kununua nyavu." Kanisa likacheka.

Baba yangu, Mzee Ndolo, akasimama pale benchi ya mbele, kofia mkononi.

"Mwiitu wakwa," akasema, maana hata nikizeeka nitabaki kuwa msichana wake, "hiyo maji ikifika hapa, Kavutha ako kwa mtaro ya chini. Na wewe unajua mama yako aliogopa maji. Ni miaka ngapi?"

Ni kweli, Mama aliogopa maji. Mvua ikinyesha na mto ukijaa, alikuwa radhi kulala ng'ambo kwa watu kuliko kuvuka. Nikamjibu Baba, "Kabla maji haijafika Kola, parapanda itakuwa imelia kitambo. Mama atakuwa njiani kwenda mbinguni, na wewe uko nyuma yake unalalamika anatembea haraka."

Baba alicheka kuliko wote, mpaka akapangusa macho. Alipokuwa anaketi akasema, "Hiyo jiwe ya bahari iko na akili kunishinda. Mimi hata jina ya pasta imenipotea." Watu wakacheka tena. Mimi pia nilicheka.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikuwepo Jeff, na simu yake ilikuwa juu. Jeff ni dalali wa mashamba kutoka Athi River, rafiki wa kaka yangu Kiema. Sikumjali. Siku hizi kila mtu anarekodi kila kitu, hata matanga.

Nilirudi baharini. Mwaka huu meli iliponishusha Mombasa, baada ya safari ndefu ambayo mtandao ulikuwa wa kubahatisha, simu yangu ilishika mawimbi na kuanza kulia bila kukoma. Ujumbe mwingi ulikuwa wa Peris, jirani yetu, rafiki wa mama yangu tangu usichana wao. Alikuwa amenitumia video. Nikaifungua palepale bandarini. Nilijiona mwenyewe mbele ya kanisa, nikisema kwa sauti ya mtu anayejiamini, "Siku moja patakuwa bahari, na sisi hapa Kola tutakuwa watu wa pwani." Basi. Hapo imekatwa. Baada ya hapo kulikuwa na muziki wa huzuni, na picha ya ufa mrefu katika shamba nililolijua kabla hata sijalitazama vizuri. Lilikuwa letu.

Chini Peris alikuwa ameandika: "Mutanu kuja nyumbani. Wanataka kumtoa mama yako."

Nilimpigia Kiema. Yeye ni msimamizi wa wakataji nguo katika kiwanda kimoja huko Athi River, kwa hivyo kukata anakujua.

"Hiyo video imekatwa, Kiema."

"Si ni wewe unaongea? Si ni sauti yako?" akasema. "Shamba imepasuka, Mutanu. Nimeona na macho yangu. Jeff amepata kampuni ya kokoto, wanataka kilima yote. Lakini hakuna mtu hununua shamba iko na kaburi. Tumtoe mum, tumweke vizuri kwa kanisa. Mzee amekubali. Alhamisi tuko kwa bodi ya ardhi."

"Mzee amekubali nini?"

"Muulize mwenyewe," akakata simu.

Nilifika Kola nikiwa nimevimba kama andazi. Baba alikuwa amekaa nje ya jiko, akichambua mbaazi. Aliniona, akafurahi, akaniuliza habari za meli. Nilimuuliza juu ya shamba kabla sijaweka mzigo chini.

"Siwezi acha Kavutha amezwe na bahari," akasema. "Wewe mwenyewe umesema inakuja. Maji ya moto, nyeusi. Yeye hata mto alikuwa anaogopa."

Kumbe ndiyo hivyo. Jeff hakumshika kwa tamaa, alimshika kwa mapenzi. Ningeielewa tamaa. Lakini mtu anayechukua huruma ya mzee kwa mkewe aliyekufa na kuigeuza kuwa kokoto, huyo sina neno lake la Kiswahili, na la Kikamba nililo nalo haliandikiki.

Nikaketi, nikaeleza. Miaka milioni nyingi. Kasi ya kucha. Magadi si Kola. Baba alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa, akasema, "Basi siuzi." Nikalala nikiwa na amani.

Asubuhi, tukinywa chai, akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa habari mpya: "Mutanu, ni lazima tumtoe mama yako. Bahari inakuja."

Nilidhani ananitania. Nikaeleza tena, na tena akakubali. Kesho yake, chai ileile, maneno yaleyale. Nikasema moyoni, mzee huyu ananidharau. Anawaza, mwanangu msichana amesoma, sawa, lakini dalali amesema. Nikamkasirikia. Nasema wazi, nilimkasirikia baba yangu kuliko nilivyomkasirikia Jeff, kwa sababu kwa Jeff sikutarajia lolote.

Nikaamua kwamba maneno yameshindwa, nitapima. Nilichukua kamba, vigingi vya miti, na ile pima maji ndogo ya kuning'iniza, ambayo Mama na wenzake wa kikundi cha mwethya walikuwa wakitumia walipochora mitaro ya kilima hiki kwa zamu, leo kwa huyu kesho kwa yule. Baba akaja kunishikia kamba upande wa pili. Baharini hatuufuati ufa kwa urefu wake. Tunaukata, mara nyingi, mstari baada ya mstari, ndipo unaposema ukweli. Basi tuliukata. Mstari wa kwanza karibu na kaburi, wa pili juu yake, tukipanda hivyo na kupigilia vigingi kila upande.

Pale ardhi inapoachana kweli, kama kwenye ule mgongo wa bahari, upande mmoja hushuka, mwingine hubaki, na kingo mbili unaweza kuzirudisha zikakamatana kama mkate uliovunjwa. Kingo za ufa wetu zilikuwa usawa mmoja, kila mstari. Wala hazikufanana. Udongo haukuwa umeachana, ulikuwa umeliwa na kuchukuliwa. Tukapanda mpaka juu kabisa, mpakani, na hapo ufa wote ukaishia kwenye barabara mpya, nyekundu, iliyochimbwa na tingatinga ili wanunuzi wa Jeff wafike kwa gari. Haikuwa na mfereji hata mmoja. Mvua yote ya kilima ilishuka kwa barabara ile na kumwagwa, kwa mahali pamoja, kwenye mtaro wetu wa kwanza.

Baba aliinama, akagusa matope yaliyokauka.

"Hii ni maji ya mvua," akasema.

"Ni maji ya Jeff, Baba."

Alicheka sana. Jioni ile tulichimba, mimi na yeye, tukainua ukingo wa udongo na mawe ili maji yarudi kwenye korongo la zamani. Tulikula muthokoi tukiwa tumechoka vizuri. Baba akasema Alhamisi atawaambia bodi waende na mambo yao. Nikafikiri, afadhali. Kumbe hakuhitaji mhadhara, alihitaji kushika kamba.

Asubuhi nikatoka nje na kukuta vigingi vyangu vyote vimeng'olewa. Vilikuwa vimerundikwa kando ya jiko, vimevunjwavunjwa kuwa kuni. Baba alikuwa akiongeza vingine motoni.

Nilimfokea. Nilimfokea baba yangu mzazi kwa sauti iliyomtoa Peris nyumbani kwake ng'ambo ya ua. Nikamwambia yeye na Kiema wameshanunuliwa, waseme tu, waache kunichezea akili.

Alinitazama bila ukali wowote. Akavua kofia.

"Madam," akasema, "kama ni nyinyi mliweka vijiti kwa hii shamba, mimi sijui. Shamba ni ya bibi yangu. Ameenda mwethya. Ngoja arudi, umweleze yeye."

Kisha akanivutia kigoda nikae nimsubiri mama yangu.

Nilikaa. Ni Peris aliyekuja akanishika bega, akanipeleka kando ya zizi.

"Hukuwa unajua?" akauliza. "Huanza hivyo asubuhi, halafu jua likipanda anarudi. Kiema alimpeleka hospitali Machakos mwaka jana. Daktari akamwambia ni ugonjwa ya kusahau, na itaendelea. Kiema akasema tusikuambie, uko baharini, utasumbuka bure."

"Kiema alijua? Kabla ya Jeff?"

Peris alinyoosha kidole dirishani. Alisema tu, "Angalia simu ya baba yako."

Nilikwenda nikaichukua pale dirishani. Video ile ilikuwa ya kwanza kabisa, imewekwa mahali ambapo mzee asiyejua kusoma vizuri angeigusa kwa kidole kimoja. Kiema ndiye aliyemtumia, na hakumtumia mara moja. Alimtumia kila alfajiri, saa ya kuamka, wiki baada ya wiki. Ndiyo maana maelezo yangu hayakudumu usiku mmoja na bahari ilirudi kila siku. Kila asubuhi baba yangu aliamka akiwa hajui neno, akagusa simu, na binti yake msomi akamwambia kwamba maji yanakuja kumchukua Kavutha. Nilikuwa nashindana na sauti yangu mwenyewe, na yeye ndiye aliyekuwa akitishwa, upya, kila siku.

Nimeona maji yanayoyeyusha risasi yakitoka kwenye sakafu ya bahari. Hayakuwa moto kama mimi siku ile.

Niliifuta video, nikamzuia Kiema katika simu ya Baba. Lakini Alhamisi Kiema alifika na gari asubuhi na mapema, amevaa tai, Jeff kiti cha mbele. Sikugombana naye uani. Nilimvalisha Baba koti lake la kanisani nikaingia nyuma pamoja naye, na njia nzima Baba alisifia mahindi ya watu.

Bodi ya ardhi, ambayo bila idhini yake shamba haliuzwi, ilikaa katika ukumbi wa ofisi za serikali. Viti virefu vya mbao vimepangwa safu safu, watu wamejaa na faili zao, na mbele meza yenye kitambaa. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye miwani, mkavu, mchovu, aliyekuwa akimaliza kesi moja na kuita nyingine bila kuinua uso. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na barabara ya tingatinga, nilikuwa na video nzima ya Pasaka, ambayo Peris naye aliirekodi kwa simu yake, nilikuwa na jina la daktari. Nilikuwa na maneno ya kumwambia Kiema yaliyopangwa kichwani kama mawe, na nilikusudia kuyarusha yote mbele za watu, mpaka akose pa kuweka uso kuanzia Kola hadi Athi River.

Tukaitwa. Kiema akasema anakubali uuzaji, kwa niaba ya familia. Mwenyekiti akaandika. Kisha akamgeukia Baba.

"Mzee Ndolo. Unajua leo umekuja kufanya nini hapa?"

"Amekuja kutoa idhini ya—" Kiema akaanza.

"Nimeuliza mzee."

Baba alitazama zile safu za viti, watu wamevaa vizuri, meza yenye kitambaa pale mbele. Akageuka polepole mpaka akaniona mimi nimesimama. Uso wake ukafunguka. Akasimama, akavua kofia.

"Nimekuja kusikiliza mwiitu wakwa," akasema. "Anatueleza mambo ya bahari."

Jeff akaanza kukusanya karatasi zake. Mwenyekiti sasa alikuwa ameinua uso.

"Mwiitu wakwa," Baba akaendelea, kwa ile sauti yake ya Pasaka, "hiyo maji ikifika hapa, Kavutha ako kwa mtaro ya chini. Na mama yako aliogopa maji. Ni miaka ngapi?"

Mawe yangu yote yaliniponyoka. Kiema alikuwa hatua moja tu kutoka nilipo, ningeweza kumzaba kofi bila kunyoosha mkono, na sikumtazama.

"Baba," nikasema, "kabla maji haijafika Kola, parapanda itakuwa imelia kitambo. Mama atakuwa njiani kwenda mbinguni, na wewe uko nyuma yake unalalamika anatembea haraka."

Akacheka. Alicheka kama alivyocheka siku ile, mpaka akapangusa macho kwa kofia. Halafu akamgeukia mwenyekiti, amweleze, asije akabaki nje ya utani.

"Huyo Kavutha, madam, hatembei pole pole. Huwezi mfikia."

Akaketi, ameridhika. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akaifunga faili na kuisukuma upande wa Kiema.

"Hii haiendi mahali," akasema. "Na wewe kijana, huyu ni baba yako?"

Kiema akaichukua faili. Alikuwa akitazama viatu vyake. Nje, aliniwahi karibu na lango, akasema kwamba maisha ni magumu, kwamba alitaka tu mzee ahamie mjini Mumbuni apate mtu wa kumwangalia, kwamba sijui yeye amebeba nini peke yake mimi nikiwa huko majini. Huenda yote ni kweli. Nilimwambia asikanyage Kola mpaka mimi nimwite, na kwamba sijui kama nitamwita. Bado sijui.

Nilimshika Baba mkono tukaenda kutafuta gari letu wenyewe. Jua lilikuwa limepanda, na alikuwa ametulia, akisalimia watu asiowajua kama anawajua.

"Tunaenda wapi?" akauliza.

"Nyumbani, Baba."

"Kavutha ako?"

"Ako," nikamwambia. "Hakuna mtu amemtoa."